Magamba ya Leang Tanriwa

Mwaka wa ishirini na mbili wa kulitunza pango la Leang Tanriwa, mama Daeng Rannu, Daeng ikiwa jina la heshima la kwao, alipata alichokitaka kuliko vyote: mtu wa kuja kumpima umri nguruwe wake.

Nguruwe mwenyewe ni wa kuchorwa, wa udongo mwekundu, mrefu kama kitanda, na mbele yake watu watatu wadogo kama vidole. Hilo halikuwazuia majirani kumtania.

"Hajati huyu Makka kaenda mara moja, kwa nguruwe anakwenda kila siku!" Daeng Sikki alikuwa akimtupia maneno hayo kutoka kwenye ngazi ya nyumba yake.

"Wangu haliwi," Daeng Rannu humjibu. "Wewe wanao wanameza mlima mzima, husemi!"

Kweli, wana wawili wa Daeng Sikki walikuwa wakikata marumaru kwenye kilima cha pili, na mwajiri wao alikwisha kukiomba na hiki chenye pango. Mambo yalisimama hivi: kilima chenye picha kongwe kupindukia hakiguswi. Ila Tanriwa haikuwa kwenye orodha ya vinavyolindwa, maana umri wake hakuna aliyeujua. Kikao cha wilaya kilikuwa mwezi wa tisa. Umri mkubwa ukipatikana, kilima kimepona. Usipopatikana, kinakwenda kuwa sakafu za watu.

Kwa hiyo siku Ulfiani alipofika na vyombo vyake, nyumba ilifurika. Binti huyo wa Pangkajene, mji wa pale karibu, alisomea mawe mpaka ng'ambo, lakini alikaa chini na kufungua burasa, wali wa nazi uliofungwa, kwenye jani lake kama mtoto wa pale pale. Daeng Rannu alifurahi mpaka akasahau kula. Yeye ni mtu wa watu. Nyumba ikikaa siku mbili bila mgeni hujihisi ana homa.

Kahawa ilipokwisha wakapanda pangoni, wawili tu.

"Mtazame, mwanangu. Huyu wa kwanza anamgombeza mwenziwe: 'Ulisema nguruwe mdogo, huyu ndiye mdogo?' Wa pili ndiye muongo, ona alivyorudi nyuma. Wa tatu keshaelewa, yuko mbioni." Kila mgeni alipewa kisa chake, na jana watu wale wale walikuwa wakwe wanaogombania paja. "Aliyechora hapa hakuwa akipamba ukuta. Alikuwa na umbea umemjaa kifuani, na mdomo haukumtosha."

Ulfiani alicheka. Kisha akawasha taa, akaisogeza ukutani, akaanza kufuata mgongo wa nguruwe shubiri kwa shubiri. Kicheko kikamwisha.

"Daeng, mbona ukuta huu ni msafi hivi?"

"Si ndiyo nakwambia!" Daeng Rannu alijaa fahari. "Nilivyolikuta pango hili ungelia. Nguruwe haonekani, kajaa magamba meupe mwili mzima, utadhani kamwagiwa bisi. Wakubwa wakaniambia, mama, pango liwe safi. Nikachukua kisu changu cha kupaa samaki. Kila Ijumaa kabla ya sala, gamba moja moja, taratibu, rangi sijaigusa hata mara moja. Mara mbili nimepewa cheti cha pango safi kuliko yote."

Ulfiani aliweka taa chini.

"Daeng," alisema polepole, "rangi yenyewe haisemi umri. Ni udongo tu. Kinachosema ni yale magamba. Maji yalipita juu ya picha yakaacha chokaa, na ndani ya chokaa mna chembe zinazogeuka kwa mwendo tunaoujua. Ukilipima gamba lililoota juu ya rangi, unajua picha ilikuwepo kabla yake."

Nje, mashine ya kilima cha pili ilikuwa ikisaga.

"Niliyamwaga njiani," Daeng Rannu alisema. "Watu wasiteleze wakati wa mvua. Twende tukayaokote."

"Hata tukiyapata. Gamba lililotengana na rangi yake ni jiwe kama jiwe jingine, mama."

Wakatafuta mpaka adhuhuri, Daeng Rannu akimshikia taa. Wakaona gamba moja, kubwa kama punje ya hindi, juu ya sikio la nguruwe, kwenye ufa ambao kisu hakikufika. Chini yake mlikuwa na wekundu. Ulfiani akalikata, akalitia kwenye kichupa, akashuka nalo kama abebaye yai.

Majibu yalikuja kwa simu baada ya wiki saba.

"Si chini ya miaka mia nne, Daeng."

"Si chini! Kwa hiyo yaweza kuwa hata elfu arobaini, kama yale mapango mengine?"

"Yaweza. Lakini 'yaweza' siwezi kuiandika. Gamba hili liliota juzi tu. Yale ya zamani, yale manene, ndiyo…"

"Ndiyo niliyoyapaa," Daeng Rannu alimmalizia.

Ukumbi wa kikao ulijaa hadi madirishani. Karani akasoma: Leang Tanriwa, miaka mia nne.

"Mia nne?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Bibi yangu ana sufuria ya umri huo!"

Daeng Rannu akasimama. "Jamani, imeandikwa si chini ya! Mtu akiniuliza umri wa Daeng Sikki, nikasema si chini ya miaka miwili, nimesema uongo?"

Ukumbi uliangua kicheko, Daeng Sikki akapiga paja, hata mwenyekiti akavua miwani akafuta macho.

"Makosa ni yangu," alisema Daeng Rannu juu ya kicheko kile. "Umri wake nimeubandua mimi, kwa kisu cha samaki!"

Wakacheka zaidi. Wengine wakapiga makofi. Mwenyekiti akamshukuru Hajati kwa kuwachangamsha, akakipitisha kilima kwa wakataji, akaenda kwenye ajenda ya barabara.

Wiki moja kabla ya baruti, Ulfiani alirudi kupiga picha za mwisho. Ukutani kulishaandikwa namba nyeupe za wakataji. Alipomaliza akatoa fomu ya kumbukumbu, akakaa juu ya jiwe.

"Maelezo ya picha, Daeng. Nisimulie kama siku ile, nitaandika yote."

Daeng Rannu aliwatazama wale watu watatu wa ukutani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akisema kitu.

"Andika nguruwe mmoja. Watu watatu."

"Wanafanya nini?"

"Wamesimama."

Ulfiani akaandika. "Hapa wanataka umri."

"Andika haujulikani."

"Hawapokei maneno hapa, mama. Wanataka tarakimu."

"Basi waandikie," alisema Daeng Rannu, akasubiri mlangoni, akamsikia akiandika nne, na sifuri, na sifuri.