Samaki wa Kasyoka

Kila Festus alipofika wodini, hospitalini Machakos, mkewe, Kasyoka, aliuliza swali lile lile.

"Baba Linet, samaki wamekula?"

"Wamekula sana."

Na kweli walikula kupita kiasi. Kila alipopita karibu na tangi lao la kioo, Festus aliwatupia konzi nzima ya chakula. Zamani hakuwajali. Kasyoka ndiye aliyewanunua, wakati binti yao wa pekee, Linet, alipoolewa Nairobi na nyumba yao ya Katelembo ikapoa. Jioni Kasyoka alikuwa akiketi mbele ya tangi na chai yake, akiwasemesha samaki kwa Kikamba, Festus akimcheka.

Daktari aliposema Kasyoka angeweza kuruhusiwa Jumamosi, Festus alirudi nyumbani akalitazama lile tangi. Maji yalikuwa na ukungu, mabaki ya chakula yameoza chini. Hawezi kukuta uchafu huu, akasema. Akawatia samaki kwenye karai, akamwaga maji yote, akasugua kioo na mawe kwa sabuni, akafua sponji ya chujio hadi ikatakata. Akajaza maji ya mfereji, akawarudisha. Tangi likang'aa.

Alipotoka kukamua ng'ombe, aliwakuta wamejazana juu, vinywa wazi. Asubuhi walikuwa wakielea. Mmoja tu, yule mdogo, alikuwa bado anapumua, amelala ubavu.

Njiani kwenda hospitali alitunga uongo. Alipomwona Kasyoka, ukamtoka kichwani.

"Mama Linet, nimewaua."

Akamweleza yote. Kasyoka alifumba macho, machozi yakamtiririka hadi kwenye mto.

"Nilitaka ukute pasafi," Festus alisema.

"Najua." Alipumzika kidogo ndipo akaendelea. "Maji ya mfereji iko na dawa. Lazima yakae kwa ndoo wazi mpaka kesho yake. Na hayamwagwi yote, unapunguza kidogo, unaongeza kidogo. Ile sponji huoshwa kwa maji ya tangi, bila sabuni. Ule utelezi wake ndio husafisha maji."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza, Baba Linet." Hakusema kwa ubaya. "Huyo mmoja bado yuko?"

"Nimemwacha akihema."

"Basi nenda. Kuna maji ya mvua kwa pipa, yametulia. Umwongezee pole pole. Usimpe chakula leo."

"Wacha nikae na wewe kidogo."

"Nitakuja Jumamosi, utakaa na mimi. Nenda."

Akaenda. Alikuwa akimimina maji kwa kikombe, kidogo kidogo, simu ilipolia. Muuguzi aliuliza kama yeye ndiye mume wa Kasyoka, kisha akamwomba aketi. Moyo wa Kasyoka ulikuwa umesimama ghafla.

Festus hakuketi. Alibaki ameshika kikombe, maji yakimwagikia viatu.

Baada ya mazishi wageni walitawanyika, akabaki Linet. Samaki mdogo alikuwa ameanza kuogelea tena, akizunguka peke yake katika tangi lote lile.

"Baba, huyu ako peke yake sana," Linet alisema. "Kesho nikienda mjini nimletee wenzake?"

Festus alitia mkono majini, akaugusa utelezi mwembamba ulioanza kurudi kwenye mawe.

"Bado," akasema. "Maji hayajakuwa tayari."

Linet akavuta kiti, akaketi karibu naye.