Hela Isiyonunua Andazi

Siku za kazi Zuhra alifundisha hisabati katika shule moja ya Gungu. Jioni na Jumamosi aliuza sarafu za kale mtandaoni, na majirani wakaanza kumhofia akili. Mwalimu mzima anazunguka Ujiji nyumba kwa nyumba kuulizia senti za tundu na rupia za Mjerumani, anazipiga picha juu ya kitambaa cheupe, halafu watu wa mbali, tena wenye kazi zao, wanazinunua. Yeye alichukua fungu la kumi, zilizobaki za mwenye sarafu.

Katika zote, hakuna iliyomnyima raha kama ya Bi Asia, kikongwe wa Ujiji. Ilikuwa ya shaba, ya mwaka 1916, imetengenezwa Tabora wakati wa vita, na imeandikwa Heller, lile neno la Kijerumani lililotuachia hela yetu ya leo. Babu yake Bi Asia, Mzee Hamdani, alilipwa kiganja cha hizo kwa kubeba mizigo ya jeshi. Alipofika sokoni Ujiji kumnunulia mkewe kaniki, Wabelgiji walikuwa wameshaingia, na mwenye duka akamrudishia: hii si hela tena. Mkono mtupu haulambwi. Mke alifunga virago akaenda kwao mwezi mzima. Mzee alikisimulia kisa hicho kwa vicheko mpaka afike mlangoni pa lile duka. Hapo alinyamaza, na Bi Asia alikua akikisikia kimya hicho.

Sasa Bi Asia alikuwa amepita miaka themanini, na alitaka jambo moja tu: hiyo moja iliyosalia iuzwe, amsomee babu yake hitima kwa jasho la babu mwenyewe.

Mnunuzi alipatikana Tanga, daktari wa meno aliyekwisha kununua kwa Zuhra mara tatu. Lakini kulikuwa na mtu wa Tabora mwenye sarafu kama hiyo. Daktari akasema Jumamosi saa sita mchana ndiyo mwisho: akitumiwa namba ya risiti ya kifurushi atalipa palepale, asipotumiwa atachukua ya Tabora.

Jumamosi saa nne walikuwa kwenye ofisi ya vifurushi. Bi Asia alikuja na bajaji kuiaga sarafu yake. Zuhra alikuwa amemkataza kuisugua kwa majivu na limau, maana ikisuguliwa thamani inakufa, naye alitii, ingawa ilimuuma kumtoa mgeni nyumbani hajaoga. Kwenye fomu, palipoulizwa kilichomo, Zuhra akaandika: hela moja ya zamani. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini wa karani si lazima.

Karani aliitwa Erasto. Alimwamkia Bi Asia shikamoo, akaongeza mwakeye, salamu ya Kiha, akasoma fomu, akairudisha. Hela haisafiri kwenye kifurushi. Zuhra akaeleza kwamba ni sarafu. Erasto akauliza kama sarafu si hela. Zuhra akaomba afute aandike kipuri, Erasto akasema ameshasoma, na macho hayafutiki. Hakuwa mtu mbaya. Mwenzake alikuwa amefukuzwa juzi kwa kupitisha bahasha iliyofichwa pesa. Walibishana mpaka saa tano na nusu, na Zuhra akahisi machozi yanamjia. Neno moja, tena aliliandika kwa mkono wake.

Bi Asia akainuka. Akaitoa sarafu kwenye kitambaa chake, akatoka hadi kwa Melania, mama aliyeuza maandazi mlangoni, akampa hiyo sarafu, akamwomba andazi moja. Melania akaigeuza sarafu mara mbili, akamrudishia taratibu, kwa heshima.

"Bibi, hii si hela. Hii hainunui kitu."

Bi Asia alisimama na mkono wake wazi. Zuhra alimtazama, akajua kikongwe yule amefika kwenye mlango wa lile duka, mahali babu yake alipokuwa akinyamaza. Ila yeye hakunyamaza. Aligeuka akamwita Erasto kwa sauti.

"Njoo usikie, mjukuu wangu. Mama, mwambie tena."

Melania akasema tena. Erasto akajishika kichwa, akacheka, akachukua fomu mpya akaandika mwenyewe: kipande cha shaba cha kale, hakinunui kitu. Akagonga muhuri.

Zuhra alituma namba ya risiti zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili. Kabla adhana haijaadhiniwa simu ya Bi Asia ikalia: ujumbe wa malipo kutoka Tanga. Alimpa Zuhra amsomee, akataka arudie, kisha akarudi kwa Melania. Alihitaji maandazi mia mbili, Alhamisi jioni, ya hitima.

Melania akampa pole, akauliza nani amefariki.

"Babu yangu," alisema Bi Asia, akifuta macho kwa upindo wa kanga. "Kalipwa leo."