Soksi Ndani ya Kengele

Bibi yangu Tsune hana mchezo na dubu. Tulipopiga hema kando ya mto, alitundika chakula chote kwenye mti hatua mia kutoka tulipolala: matonge ya wali, samaki wa chumvi, hata dawa yangu ya meno.

"Bibi, dubu hapigi mswaki."

"Ndiyo maana ana hamu. Lete."

Lakini asubuhi, kabla hatujaanza kupanda, bibi huyohuyo alitoa soksi mkobani akaishindilia ndani ya kengele iliyoning'inia kwenye kikapu changu cha mgongoni. Kimya! Hapa mkoani Akita hata mtoto wa chekechea anajua kengele humwambia dubu tunakuja, tupishe. Ila kila mchuma machipukizi ya mianzi, mboga yetu ya milimani, anajua na la pili: kengele humwambia jirani uko wapi. Na jirani yetu ni Mzee Kanezo, ambaye kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akimnyatia Bibi mlimani ajue anakochuma.

"Magoti yangu yamestaafu, Nagisa," Bibi alisema. "Leo nakuonyesha mahali petu. Kanezo akipajua, mwakani hukuti hata jani."

Mpaka siku hiyo nilikuwa nimerithi pua ya babu tu.

Tulipenya mianzi iliyonipita kimo, tukatokea penyewe. Lo! Machipukizi manene kama kidole gumba, kila ulipotupa jicho! Ndipo tukasikia mbele yetu: kra, kra. Mtu anavunja, anatafuna, anapumua kama mwenye mafua.

"Kanezo," Bibi alinong'ona, na machozi yakamlengalenga. "Ametuwahi."

Nilipandwa na hasira. "Mzee Kanezo! Toka huko! Unatafuna mabichi kama mbuzi, na meno yenyewe ya bandia!"

Kutafuna kukakoma. Kikainuka kichwa cheusi, masikio ya duara, jani limening'inia mdomoni. Hatua kumi na tano tu. Huyu meno yalikuwa yake mwenyewe, yote.

"Usikimbie," Bibi alisema taratibu. "Usimpe mgongo. Rudi kinyumenyume, na uongee naye kwa upole."

"Niseme nini?"

"Siku zote huishiwi maneno, leo ndiyo umekauka?"

"Samahani, mheshimiwa," nilimwambia dubu. "Yale ya mbuzi hayakukuhusu."

Hatua moja. Ya pili. Ya tatu, mgongo wangu ukagonga kitu laini, nacho kikaguna. Mzee Kanezo! Uso umempauka kama unga, na kwenye mkanda wake kengele iliyoshindiliwa soksi.

"Na wewe umeiziba yako?" Bibi alimuuliza bila kugeuka.

"Ningekufuataje ikilia?"

"Watu watatu tumenyamaza kama wezi," nikasema, "dubu wa watu angejuaje?"

Mzee Kanezo angeweza kurudi mianzini kimyakimya na siri yake mpya. Badala yake akachomoa soksi. Hakuhitaji hata kuitikisa kengele. Magoti yake yaliifanya kazi hiyo. Ngri-ngri-ngri! Nami nikachomoa yangu. Tukazidi kurudi nyuma, kengele mbili zikilia. Dubu akatusikiliza kama mtu aliyewekewa muziki asioupenda, akageuka, akateremkia bondeni.

Mtoni, kwenye hema letu, ndipo kicheko kilipotushika, mpaka Mzee Kanezo akakaa chini. Bibi peke yake hakucheka.

"Umepaona," alisema.

"Nimeona dubu tu, dada Tsune."

"Kanezo."

"Haya, nimepaona."

Bibi alikoroga supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, iliyokuwa motoni. "Mtoto huyu haendi peke yake. Anatukana dubu. Mwakani mtakwenda wote, mgawane nusu kwa nusu. Na kengele zilie."

"Zilie?" Mzee Kanezo aliruka. "Si kijiji kizima kitatufuata!"

Bibi aliokota soksi zote mbili, akazisukumia motoni chini ya sufuria. Supu ikanukia miguu. Tuliinywa yote.