Mdhamini wa Landrova ya Shadia

Ujumbe ule Shadia aliusoma mara saba, na kila mara akauonea utamu mpya. Kampuni ya matairi ya Dar es Salaam ilikuwa imeona mtandaoni picha za Landrova aliyoachiwa na marehemu baba yake, ikataka kuidhamini: matairi manne mapya, oili ya mwaka mzima, na jina la kampuni ubavuni. Walichotaka wao ni kadi halisi ya gari tu, itumwe kwa basi kesho asubuhi, ikahakikiwe kisha irudishwe.

Miaka mitatu alikuwa akilifufua gari hilo kwa faida ya dagaa anaouza kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Majirani zake wa Rusimbi walimwona kapagawa na chuma chakavu. Leo mtu wa Dar analiita malkia wa barabara. Nani asingevimba kichwa?

Yona, fundi wake, alisomewa ujumbe akiwa chini ya gari kama kawaida yake. Hakubisha. Aliuliza tu kwa nini watu wanaotaka kutoa matairi hawajauliza saizi. Shadia alinuna, maana swali lilikuwa zuri. Alijua fika kwamba tapeli akishaipata kadi halisi anaweza kuuza gari ambalo hajawahi hata kuligusa.

Basi udadisi ukamshika. Akawaandikia: wameona picha tu, au kuna aliyeliona gari lenyewe? Jibu likaja upesi. Afisa wao aliliona Kigoma, akavutiwa mno. Wapi? Afisa hakumbuki jina la mahali. Shadia akawaza kidogo, akaandika: "Isije ikawa Mwamgongo, siku ile nashusha mzigo?"

"Hapo hapo Mwamgongo, dada. Alikuwa nyuma yako na gari lake, ukamtimulia vumbi."

Shadia alilisoma jibu kwa sauti. Spana ikaanguka, Yona akacheka mpaka akakohoa. Mwamgongo watu huenda kwa boti. Labda afisa huyo aliendesha juu ya ziwa.

Shadia hakucheka. Aliifungia namba ile, akairudisha kadi kabatini, kisha akaja kukaa nyuma ya usukani. Kadi ilikuwa salama, lakini moyo ulimuuma. Kumbe hakuna aliyeliona gari lake.

"Yona, wewe umeshaliona likipanda mlima?"

"Mimi? Hapana, dada. Mimi nalijua tumbo tu."

Akamwambia atoke, asimame kando ya barabara, aangalie vizuri, na asimpambe kwa maneno. Akawasha gari, akapanda mpaka juu, akageuza, akarudi.

Yona alijifuta mikono polepole. "Linalalia kushoto, dada. Na taa moja ya nyuma haiwaki."

Shadia aliegemea usukani akatabasamu, machozi yakimlengalenga.

"Endelea," akamwambia. "Umeona nini kingine?"