Pampu Iliyogonga Bila Ufunguo

Mimi ni fundi Lusiana wa Nachingwea mjini, na wanaonifahamu wanajua sina subira na watu wa aina mbili: anayenisimamia kichwani nikiwa kazini, na anayeniambia trekta lina jini. Trekta halina jini. Lina upepo kwenye mpira wa mafuta, au lina uchafu, au mwenye nalo ni mvivu. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, mpaka nilipoitwa Nandagala kwa Mwanaima.

Mwanaima ni mjane wa Sadiki. Sadiki aliuawa na trekta lake mwenyewe msimu uliopita, ndani ya banda lake. Huku kwetu breki ya mkono ikifa hatuhangaiki nayo. Tunaliacha trekta kwenye gia ili lisiteremke, basi. Swichi ya kuwashia ikifa, tunasimama chini, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, tunagusanisha vyuma vya stata, ile mota ya kuwashia injini, kwa bisibisi. Siku ile mafuta yalikuwa hayapandi, Sadiki akachoka kupampu kwa mkono, akashika bisibisi akasahau gia. Injini ikawaka, na gurudumu kubwa likampitia.

"Na siku hiyo hakugonga," Mwanaima aliniambia. Tulikuwa tumesimama mlangoni pa banda, yeye hataki kuingia. "Kila siku kabla ya kuwasha alikuwa anagonga boneti kwa spana. Mara mbili, ananyamaza, halafu mara moja. Kuku watoke, watoto watoke. Siku hiyo tu hakugonga."

"Pole, mama," nikamwambia. "Sasa unataka nilitengeneze ulimie ufuta, au uliuze?"

"Ufuta naweza kulima kwa jembe, fundi. Ni Faridi. Amesema atalipanda, nimkataze nisimkataze, na kichwa chake ni cha baba yake kabisa. Mume nimeshazika. Nataka ulitengeneze lisije likamla na mwanangu."

Faridi alikuwa nyuma yetu, mtu mzima mwenye ndevu, anachezea simu kama vile anayezungumzwa si yeye. Nilimkasirikia palepale, ila nilichomoa kijiti cha oili nikaanza kazi. Oili ilinuka dizeli na ilikuwa imepanda juu ya alama. Hapo hapakuwa na uchawi. Ile pampu ndogo ya zamani, inayosukumwa na injini, kiwambo chake cha mpira kilikuwa kimechanika, na dizeli ilikuwa inavujia kwenye oili badala ya kupanda kwenye nozeli. Ndiyo maana marehemu alikuwa hamalizi kupampu.

Nikamwambia Mwanaima tutaweka pampu ya umeme. Ukifungua swichi inavuta mafuta yenyewe, hakuna tena mtu wa kuchuchumaa pembeni ya gurudumu. Na swichi ya stata nitaifufua, awashe akiwa amekaa kitini. "Akikaa kitini haliwezi kumpitia," nikasema. Akaniuliza kama naweza kuapa. Nikamwambia mafundi hatuapi, tunakaza nati.

Mjini, Evarist wa duka la vipuri akanitolea pampu ya gari dogo la petroli, anaisifia utafikiri anaposa. Nikamwambia airudishe kabatini. Pampu ile inasukuma kwa nguvu, trekta la zamani haliitaki nguvu hiyo, itaumiza mipira ya ndani halafu watu waseme Lusiana hajui kazi. Nilitaka ya volti kumi na mbili, ya dizeli, ya msukumo mdogo, ile inayogonga tk-tk-tk. Ina uzuri wake: mpira ukiwa mtupu inagonga mbiombio, mafuta yakishajaa inapunguza, na wewe fundi unaisikiliza tu. Akaniletea, huku ananiambia ninavyochagua vipuri ndiyo maana sijaolewa. Nikamwambia mkewe naye angechagua vizuri asingekuwa kwake. Tukacheka, nikaondoka.

Kazi niliifanya kama inavyotakiwa. Pampu nikaifunga kwenye chasisi, chini ya usawa wa tangi, chujio mbele yake, mshale wake ukielekea kwenye injini. Waya wa ethi, ule wa hasi, nikaukazia kwenye chuma nilichokwangua mpaka kikang'aa. Nikaweka fyuzi, na umeme wa pampu nikaupitisha kwenye ufunguo wa trekta. Pampu ya zamani nikaitoa, tundu lake nikaliziba kwa kibati na gasketi, nikamwaga ile oili iliyoharibika na kuweka mpya. Nikaliacha trekta huru, bila gia, mawe kwenye magurudumu. Jua lilikuwa linashuka. Kazi ya swichi ya stata nikaibakiza asubuhi, ufunguo nikautia mfukoni mwa ovaroli.

Hapo ndipo Bibi Hajra, mama yake Sadiki, alipokuja na bakuli la unga wa mtama. Alisema Kimwera, Faridi akanitafsiria. Kiti cha marehemu hakijakaliwa tangu afe, hakikaliwi bila kuombwa. Anaweka unga kitini, kirundo kidogo chenye ncha, unalala. Asubuhi ukikutwa mzima, marehemu ameridhia. Ukikutwa umetawanyika, amekataa, na hakuna wa kukaa hapo.

"Bibi, unga na dizeli havipatani," nikasema. "Ukiingia tangini utaniharibia kazi."

Bibi akanijibu kwa Kiswahili safi kuliko changu kwamba tangi liko mbele na kiti kiko nyuma, na kwamba macho ninayo. Faridi akacheka. Nikaanza kukusanya spana zangu, maana mkubwa akikusema humjibu. Banda likafungwa kwa kufuli na ufunguo wake akalala nao bibi mwenyewe.

Asubuhi tukafungua. Kirundo hakikuwa kizima. Wala unga haukuwa umetawanyika, hata chembe haikuanguka chini. Ulikuwa umelalia kiti chote, umebonyea sehemu mbili pana, na mbele yake michirizi miwili ya mapaja. Mtu alikuwa amekaa pale. Na kiti kile cha chuma, kilichobebwa na springi, kilikuwa kimeinama kama kinavyoinama mtu mzima akiwa juu yake.

Nilitazama springi ile kwa jicho la kifundi. Imeshika kutu, nikajiambia. Lakini jana nilikuwa nimeigusa kwa mkono na ilikuwa inacheza. Niseme ukweli, niliogopa.

Bibi Hajra alikaa chini mlangoni. Tukamuuliza maana yake nini. Akasema maisha yake yote ameona unga wa kukubali na unga wa kukataa, wa kukaliwa hajawahi kuuona. Mwanaima alikuwa anakitazama kiti, mkono mdomoni.

"Unga tu huu, umenyonya umande," Faridi akasema. Sauti ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika. Mimi nikaingia upande wa pili kukaza klipu chini ya tangi, maana mikono ikiwa na kazi hofu inapungua. Simwoni Faridi, nasikia tu anahangaika. Baadaye ndiyo nilielewa alichofanya. Aliyaondoa mawe, na kwa kuwa banda lina mteremko, akanyoosha mkono kutoka chini akaingiza gia lisiteremke, kama alivyomwona baba yake akifanya siku zote. Kiti hakukigusa. Kisha, kwa kuwa swichi haijapona na yeye hana subira, akachukua bisibisi yangu, akasimama kati ya gurudumu na gurudumu, akainama kwenye stata.

Pampu ikagonga.

Iligonga karibu na sikio langu. Tk, tk. Kimya. Tk.

Niliganda. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, niliushika kuuhakikisha. Pampu ile bila ufunguo haipati umeme, nyaya nilizivuta mimi, najua zinapita wapi. Na pampu haijui kugonga hivyo. Inajua mbiombio, inajua polepole, basi.

Tk, tk. Kimya. Tk.

La mgambo likilia kuna jambo. Nikainuka, na kwa juu ya boneti nikamwona Faridi upande wa pili kainama, ncha ya bisibisi haijafika kwenye vyuma, uso umempauka, na nyuma yake mkono wa gia hauko nilipouacha. Naye alikuwa anasikia. Mlio ule alikua nao tangu anatambaa, ulikuwa unamtoa bandani kila asubuhi.

"Faridi," nikasema, na nilijilazimisha kusema taratibu. "Tazama gia."

Akatazama. Bisibisi ikamdondoka mkononi. Akatoka kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga mabati ya ukuta, akachuchumaa pale, mtu mzima na ndevu zake.

Pampu haikuacha. Mara mbili, kimya, mara moja, tena na tena, na mimi nimeshang'oa waya wa betri kwa mkono wangu, nimeushika hewani, bado inagonga. Nilimwomba Bikira Maria, na mbele ya watu wale wa msikitini sikuona aibu.

Ndipo Mwanaima akaingia bandani. Alipita mahali mumewe alipofia bila kuangalia chini, akasimama mbele ya kile kiti kilichoinama, akaongea kama mke anavyoongea na mume aliyechelewa kuamka.

"Baba Faridi, shuka sasa. Mtoto amesikia."

Pampu ikagonga mara moja ya mwisho, ikanyamaza. Halafu springi ikalia, ule mlio wa chuma kikavu, na kiti kikapanda taratibu mpaka juu, kama kinavyopanda mtu akikiacha. Unga ukamwagika kidogo pembeni.

Mwanaima akapangusa uliobaki kwa upindo wa khanga yake. Akaweka kiganja kwenye chuma kile, na akakiacha hapo.

"Bado kina joto," akasema, na akaanza kulia, jambo ambalo Faridi aliniambia hakulifanya hata siku ya maziko.