Wahusika Wenye Adabu Kupita Kiasi

Chiriku hakupewa jina hilo bure. Tangu alipojua kutamka maneno hakuwahi kunyamaza, na ndiyo maana asubuhi ile, alipokaa sakafuni kimya na kompyuta mapajani, kila aliyeingia chumba cha simu cha kituo cha magari ya wagonjwa alijua mambo yameharibika.

Programu ya kuyapangia magari safari ilikuwa imegoma tena. Ilikuwa kazi ya mikono yake na ya binamu yake, mtoto wa mjomba, aliyelelewa nao nyumba moja na kuitwa Kipanga kwa jinsi alivyokuwa akiwapiku wenzake darasani. Mama yake Chiriku ndiye mpokea simu wa kituo, na ndiye aliyewaombea hao watoto nafasi. Alimwendea mkuu wa kituo akajipiga kifua: "Waache wajaribu. Wakishindwa, lawama zije kwangu." Sasa lawama zilikuwa zimesimama mlangoni, zimevaa miwani.

"Nakwenda kwenye kikao," alisema mkuu, mkono kwenye kitasa. "Nikirudi nikakuta bado inasuasua, itoeni. Tutarudi kwenye redio kama zamani."

Alipotoka, mama aliitazama ile redio pembeni ya meza kama mtu anayemtazama mkwe asiyempenda. Enzi za redio alizijua: madereva wote wanapayuka kwa wakati mmoja, magari mawili yanakimbilia mgonjwa mmoja, na mgonjwa mwingine anasubiri hadi macho yanamtoka.

"Mmemsikia," aliwaambia. "Mimi shingo yangu nimeshaiweka. Fanyeni kitu."

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Badala ya kutengeneza bongo moja kubwa la kufikiria kila kitu, walitengeneza wengi wadogo wadogo, wakawaita wahusika. Kila gari lilikuwa na mhusika wake ndani ya mashine, na kila mtaa ulikuwa na mhusika wake wa kupanga magari. Hakuna aliyegusa mambo ya mwenzake. Ukitaka kitu kwa mwenzio unamtumia ujumbe, nao unaingia kwenye sanduku lake la barua, naye anazifungua barua zake moja baada ya nyingine, ya kwanza kufika ndiyo ya kwanza kusomwa. Mhusika akianguka, wengine hata hawashtuki. Msimamizi, naye ni programu ndogo ya humo humo, anamwinua mpya mahali pake na kazi inaendelea. Chiriku aliandika wahusika wa magari, Kipanga wa mitaa.

Basi ikiwashwa alfajiri, inakwenda kama maji. Jua likipanda, inaanza kukokota miguu. Ukiizima na kuiwasha inapona, halafu baada ya muda inaugua vilevile.

"Ni mtandao huo," alisema Kipanga.

"Mtandao nimeupima, mzima wa afya."

"Basi mashine ni ndogo. Tuombe kubwa."

"Wewe kila ugonjwa dawa yako ni kuomba kubwa! Hata viatu vya shule uliomba vikubwa."

"Na si vilinitosha?"

"Vilikutosha ulipomaliza shule!"

Mama alicheka bila kutaka, akajikohoza. Simu ikalia, akaipokea: mtu aliyekosea namba.

Chiriku akasimama. "Sikiliza. Tunahangaika na mji mzima kwa mara moja. Tumchague mhusika mmoja tu, tumuulize ana nini sandukuni."

Akalichagua gari lililokuwa uani limeinuliwa kwa jeki, fundi akiwa chini yake, maana hilo hata likipotea kwenye mashine hakuna mgonjwa wa kuumia. Akamtumia mhusika wake swali: umepokea nini? Wakasubiri. Wakasubiri tena.

"Hajibu," alisema Kipanga.

"Atajibuje? Swali letu nalo limepanga foleni!" Chiriku alijipiga paji la uso. Macho yake yakaanza kung'aa. "Umeona? Hajafa huyu. Amezidiwa. Kuna kitu kimejaa mbele ya swali letu."

"Na sandukuni hatuwezi kumwingilia. Tulijiwekea wenyewe, hakuna kupekua."

"Hatumpekui. Tunamfisha."

"Astaghfirullah," alisema mama kutoka kwenye simu zake.

"Wa kwenye mashine, mama! Mhusika akifa, barua ambazo hajazifungua zinakusanywa pembeni. Hizo tunaruhusiwa kuzisoma."

Akambonyeza. Mhusika akafa, msimamizi akamwinua mpya hapo hapo, na barua za marehemu zikaanza kumiminika kwenye skrini kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Vichwa viwili vikainama pamoja hadi vikagongana.

*Nimepokea, asante. Nimepokea, asante. Nimepokea, asante.* Chini, na chini zaidi, na chini zaidi. Katikati ya asante zote hizo, agizo moja tu la kazi, limefukiwa.

"Mbona wanashukuriana tu?" aliuliza Kipanga.

Chiriku akamgeukia. "Wewe, wahusika wako wakipata ujumbe wanafanyaje?"

"Wanaitika. Ujumbe wowote."

"Wowote? Hata ukiwa ni wa kuitika?"

"Wowote. Shangazi alisema." Kipanga alisita. "Wako je?"

"Wowote," alisema Chiriku kwa sauti ndogo, kisha akaangua kicheko kilichomfanya fundi uani atoe kichwa chini ya gari.

Hadithi ilikuwa hivi. Wiki za mwanzo agizo moja lilipotea njiani, gari likabaki limelala, na mama aliwasema watoto wale jioni nzima mezani: mtu akiitwa anaitika, hakuna kukaa kimya nyumba hii! Kila mmoja akaenda chumbani kwake kwa aibu, na bila kumwambia mwenzake akawafunza wahusika wake kuitika kila ujumbe. Walipojaribu kila mmoja upande wake, kila kitu kilikuwa sawa. Walipounganisha, gari lilisema nipo hapa, mtaa ukasema asante, gari likashukuru kwa asante, mtaa ukashukuru kwa kushukuriwa, na hakuna aliyekuwa tayari kuonekana hana adabu kwa kunyamaza wa kwanza.

"Kwa hiyo kosa ni langu?" aliuliza mama, mikono kiunoni.

"Kosa ni kwamba ulitulea vizuri, shangazi," alisema Kipanga.

"Usinichekeshe, mkuu anarudi!"

Wakaingia kazini. Vidole vya Chiriku vilikimbia, mdomo nao ukarudia kazi yake: "Agizo linaitikiwa, mara moja. Kuitika hakuitikiwi. Agizo lisiloitikiwa linatumwa tena. Na dharura iruke foleni!" Kipanga alirekebisha upande wake, akiusoma kwa sauti ili safari hii kila mmoja asikie mwenzake anafanya nini.

"Tuzime yote tuwashe?" aliuliza.

"Tuzime kituo mchana kweupe? Hapana. Mmoja mmoja. Anakufa wa zamani, anainuka mpya mwenye akili mpya, wenzake wanaendelea. Ndiyo raha ya mpango huu!"

Gari baada ya gari, mtaa baada ya mtaa, wakawabadilisha. Mstari mwekundu kwenye skrini, wa kuhesabu barua zinazosubiri, uliokuwa umepanda hadi juu, ukaanza kushuka. Chiriku alikuwa akirukaruka kama mtoto anayesubiri choo.

Hapo simu ikalia, na mama alivyoipokea tu uso ulibadilika. Mtu ameanguka kutoka kwenye dari aliyokuwa akiijenga. Anapumua, lakini haongei. Mama aliandika mtaa kwenye mashine, akabonyeza, na bila kungoja, maana roho ya mtu haijaribiwi, akainyakua redio.

"Gari la karibu na soko, gari la karibu na soko, unanipata?"

Redio ilikoroma. Sauti ya dereva ikaja pamoja na king'ora. "Nakupata, mama. Aliyeanguka darini, siyo? Nimeshaondoka, naikata kona ya benki. Agizo limenifikia zamani!"

Chiriku alishika mdomo kwa mikono miwili. Mama aliiweka redio chini taratibu, na alipogeuka alimkuta mkuu wa kituo mlangoni, faili kwapani. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

Walikaa hivyo, masikio kwenye king'ora, hadi dereva alipoita tena: mgonjwa yuko ndani ya gari, amefungua macho, anamtaka mkewe.

Mkuu akavua miwani. "Haitolewi," alisema. "Inabaki." Kisha, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko likiwaka nyumbani: "Lakini mashine hii yenyewe ikiungua je?"

"Tutawagawa wahusika kwenye mashine mbili!" Chiriku alishaifikia ramani ya ukutani. "Moja ikizimika, wa upande wa pili—"

"Ngoja, ngoja." Mkuu alivuta kiti, akakaa. "Nichoree."