Ndoo Moja na Nusu

Saa tano na robo, darasa la watoto wadogo lilipokwisha kutoka, mfagiaji aliingia na ufagio wake wa mpini mrefu. Alifungua madirisha mawili, la tatu liligoma tangu mvua za mwaka juzi, akaanza kufagia kutoka kona ya ubao. Chini ya madawati palikuwa na vumbi la chaki, maganda ya penseli, kifungo cha shati, na maneno ambayo watoto hawakuyasema.

Yalikuwa madogo, saizi ya maharagwe, na ya siku hiyohiyo yalikuwa bado na joto. Majina ya vitu yalikuwa mazito, yanalala palepale yalipoangukia. Maswali yalikuwa na ndoano, yananasa kwenye ufagio, ukitaka usitake uyabandue moja moja. Kwa kawaida darasa lilitoa ndoo moja na nusu kwa siku. Jumatatu zilifika mbili, maana watoto hurudi na habari za nyumbani. Kabla yake alikuwa akifagia shangazi yake, na siku ya kumkabidhi ufagio shangazi hakueleza chochote kuhusu maneno, ila kwamba yasimwagwe chooni, yanaziba bomba. Yalikuwa yakichomwa shimoni, nyuma ya shule. Moshi wake uliuliza "kwa nini" mpaka nyumba ya tatu, na wanawake wa upande ule waliwahi kuanua nguo, kwa sababu shuka likishaingiwa na moshi huo halimwachi mtu alale.

Shule yenyewe ilikuwa na sifa. Ilichukua Kombe la Utulivu miaka kumi na minane mfululizo. Mkaguzi alisimama mlangoni pa darasa la watoto wa miaka minne, thelathini na tisa kwa hesabu, kila mmoja kidole mdomoni, akamsikia nzi, akaandika "bora kabisa". Mwaka ule wa kumi na nane mgeni rasmi alihutubia saa mbili unusu kuhusu faida za kunyamaza. Mwalimu Mkuu alishikilia kwamba mtoto huja shuleni kuingiziwa, na mdomo ukiachwa wazi kilichoingizwa kinatoka. Hayo aliyasoma wapi, hakuna aliyewahi kumuuliza. Watoto waliruhusiwa kufungua midomo mara mbili kwa siku waimbe herufi tano za ubaoni, zilezile tangu mwaka uanze, kisha waifunge.

Mfagiaji hakuwa na ugomvi na hayo. Taabu yake ilikuwa nyumbani. Mjukuu wake alikuwa na miaka minne kasoro mwezi na haongei. Alisema "eh" akitaka kitu, na "eh" nyingine asipokitaka. Mama yake alitoka alfajiri kwenda kiwanda cha nguo na kurudi mtoto ameshalala. Bibi alirudi na mgongo unaouma na mdomo uliochoka bila kufanya kazi. Mchana kutwa mtoto alikaa kwa jirani na redio, na redio haijapata kumjibu mtu. Sasa jirani alikuwa anahama mwisho wa mwezi. Ama mtoto apate nafasi shuleni, ama mama aache kazi. Na shule haikupokea mtoto bila usaili: maswali matano, yajibiwe kwa sauti. Hawakutaka mtoto aongee, lakini kwanza walimtaka athibitishe kwamba anaweza.

"Akishindwa?" mama wa mtoto aliuliza.

"Utakaa naye wewe."

"Na cherehani nimwachie nani?"

Basi mfagiaji akaacha kuchoma. Kila siku alifunika ndoo kwa tambara la kupangusia ubao, akaja nayo nyumbani.

Jioni ya kwanza alimwogesha mtoto kwa maneno hayo, kopo kwa kopo. Yaliteleza yote yakaingia kwenye karo, na kwa siku mbili karo lilidai biskuti yake. Jioni ya pili aliyajaza kwenye mto. Mtoto aliamka na vipele masikioni, na "eh". Jioni ya tatu swali moja lilimnasa yeye mwenyewe kwenye kilemba, likaning'inia karibu na sikio lake likiuliza kwa nini meno ya babu yanalala kwenye glasi. Alikuwa amechoka, akajibu bila kufikiri.

"Kwa sababu yametafuna mchana kutwa, nayo yanataka kupumzika."

Swali likajibandua kilembani, likashuka begani, likavuka mkeka na kumwingia mtoto sikioni, taratibu, kama mtu anayeingia kwake.

"Yanataka kupumzika?" mtoto akauliza.

"Mno. Ya kwako je, mke mwenzangu, hayachoki?"

"Yangu mapya."

Kumbe ndivyo yalivyofanya kazi. Neno lisilojibiwa halikushika mahali. Kuanzia hapo, kila jioni mfagiaji alikaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, akiwajibu watoto thelathini na tisa wa watu wengine. Mwezi unatufuata sisi au unawafuata wao? Nani alimtia samaki mifupa, na alipitia wapi? Dobi akivua nguo, nani anazifua? Asiyoyajua alisema hayajui, na hayo pia yaliingia, ila kwa kusuasua.

Mtoto aliyapanga kwenye mkeka yale anayoyapenda. Baada ya wiki moja alielekeza kidole kwenye boksi la sabuni, akasema mawili kati yake yanaishi pale, kwenye maandishi. Bibi yake, ambaye aliimba herufi tano katika darasa lilelile na hakupewa ya sita, aliinama akatazama. Ilikuwa kweli.

"Sabuni," akasoma. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Akahamia boksi la kiberiti.

Wiki ya mwisho matumbwitumbwi yalivamia darasa. Nusu ya watoto hawakuja, na ndoo haikujaa, ndipo mfagiaji akachukua kibanio cha nywele na kuchokonoa nyufa za sakafu. Humo mlikuwa na maneno ya zamani, ya baridi, magumu, lakini mazima. Moja alilitambua sauti. Halikuwa lake kulijibu, kwa hiyo mjukuu alilitia mfukoni mwa gauni.

Usaili ulikuwa Ijumaa saa tisa mchana. Mtoto alijibu maswali yote matano, na la rangi alilijibu kwa upana kuliko lilivyoulizwa. Kisha akauliza kama zamu yake imefika. Mwalimu Mkuu alimtazama mfagiaji. Mfagiaji alikuwa anaangalia dari.

Mtoto akalitoa lile neno, akaliweka mezani kati ya kombe na muhuri. Lilikuwa la kijivu, dogo kama choroko, na lilisema kwa sauti nyembamba ya mvulana wa miaka minne: "Mwalimu, naomba kwenda chooni."

Mwaka neno hilo lilipoanguka, mfagiaji alikaa dawati la nyuma ya mvulana huyo. Alikumbuka maji yalivyotambaa sakafuni yakafika miguuni pake, na jina ambalo mvulana yule, kabla hajawa Mwalimu Mkuu, aliitwa mpaka darasa la saba: Mfereji. Katika wote waliomwita hivyo, alikuwa amebaki yeye tu.

Mwalimu Mkuu alivua miwani, akaivaa tena. Chini ya meza magoti yake yalikuwa yamebanana. Mtoto alimweleza, kwa upole, kwamba hilo mpaka lijibiwe, vinginevyo haliendi kwao.

"Hapana," akasema Mwalimu Mkuu. "Subiri kengele."

Neno likavuka meza, likapanda kwenye mkono wa koti lake, likaingia sikioni, maana lilikuwa limejibiwa. Alipangusa meza kwa leso. Akagonga muhuri kwamba mtoto amepokelewa, aanze Jumatatu, na penye maoni akaandika mstari mmoja. Akamsogezea mfagiaji karatasi na kidau cha wino, atie dole gumba.

Mfagiaji aliomba kalamu. Kwanza alisoma, kidole chini ya mstari, kipande kwa kipande. "A-na-o-nge-a sa-na. I-ta-re-ke-bi-shwa."

"Sikujua unajua kusoma, mama."

"Nimeanzia kwenye sabuni, Mwalimu."

Akatia sahihi, kwa kuwa cherehani ilikuwa haina wa kuachiwa.

Nje mtoto aliuliza kwa nini mlingoti wa bendera hauna majani, akajibiwa. Nyumbani ni mwendo wa dakika sita. Walizungukia sokoni, wakapita gereji, wakafuata ukuta wa hospitali hadi mwisho wake, na mfagiaji alijibu kila kitu, kwa kirefu, bila kuharakisha, kwa sababu mpaka Jumatatu asubuhi zilikuwa hazijatimia siku tatu.